Chumvi Kwenye Sahani ya Fon

Mpishi niliyeambiwa ni bubu tangu kuzaliwa aliniongelesha mchana kweupe, kupitia kidirisha cha jikoni kisichozidi upana wa sinia.

Maneno matatu tu.

Kabla sijamjibu, nikasikia viatu vya mwenye mgahawa vinapanda ngazi.

Haya yalinikuta hapa Sydney, na mwaka haujaisha. Kuna watu wa hekaluni kwetu mpaka leo hawanisalimii kwa sababu ya jambo hili. Sawa tu. Nasimulia kama lilivyokuwa, na pale nilipokosea nitasema.

Naitwa Jiab. Nina miaka thelathini na nne, nafua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kwetu ni Nakhon Si Thammarat, kusini mwa Thailand, kule ambako mgeni akila chakula chako bila kutoka jasho, ujue umemdharau.

Mjini hapa nina mashoga wawili.

Wa kwanza ni dada Pranee, dereva wa basi, mama wa watoto wawili. Basi lake lina breki, mdomo wake hauna.

Wa pili ni Fon. Huyu ni mtoto wa Bangkok, fundi wa kupunguza nguo. Alilelewa na bibi yake, bibi akafa, hakubaki na mtu. Anacheka haraka, na anaamini haraka.

Mwezi wa nane Fon alikuwa anatimiza thelathini. Tukapanga kutoka, tule mjini, tupige picha, na sisi tujisikie watu.

Shida ikawa wapi.

"Mimi kule mnakonipelekaga siendi tena," Pranee akasema. "Ule mchuzi wa juzi ulikuwa uji wa mtoto. Tui na sukari, sukari na tui. Nilimaliza bakuli nikahisi naota meno."

"Ndivyo wanavyopenda wazungu, dada," Fon akamwambia.

"Basi wale wao. Mimi nataka chakula ambacho nikimaliza namkumbuka mama na kumtukana baba."

Fon akazama kwenye simu. Kwenye kundi letu la Wathai wa mjini, mtu alikuwa ameandika: chakula cha kusini, cha kusini kwelikweli, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la masanduku, nyuma ya kituo cha Central. Bango hakuna. Panda ngazi ufuate harufu.

"Jiab, hiki ni cha kwenu," Fon akanisogezea simu. "Ukionja ukasema sicho, tunanyanyuka."

Jumamosi saa moja jioni tukapanda zile ngazi.

Harufu ilitupokea katikati. Manjano mbichi, mchaichai, na ile harufu ya matumbo ya samaki yaliyochachushwa, ambayo asiyeizoea hukimbia na aliyeizoea hulia.

Mimi nililia. Sikuficha.

Meza zilikuwa sita, zote zimejaa watu wetu. Mzungu wa kupotea njia hakuwepo hata mmoja.

"Dalili njema hii," Pranee akaninong'oneza.

Tukaletewa mchuzi wa matumbo ya samaki, kamba waliokaangwa na maharage ya sato yale yanayonuka, na sinia la majani mabichi. Kijiko cha kwanza kilinifunga mdomo. Cha pili kikanirudisha jikoni kwa mama, mvua inapiga bati, naambiwa niache kudokoa.

Fon machozi na makamasi vilikuwa vinamshuka, na anakula hivyohivyo.

"Nani anapika hapa?" nikamuuliza mhudumu.

Aliyejibu siyo mhudumu.

"Mmefurahi?"

Nikageuka. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, sauti ya taratibu kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Akajitambulisha: Anucha, mwenye mgahawa. Akavuta kiti bila kukaribishwa, lakini kwa adabu kiasi kwamba ungejiona mbaya kukataa.

"Anayepika ni binamu yangu, Chamoi," akasema. "Maskini ni bubu. Tangu kuzaliwa. Anasikia, ila haongei. Na wageni anawaogopa, kwa hiyo hatoki."

Akaonyesha ukutani. Palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, kina kifuniko cha mbao. Kilikuwa wazi kidogo. Niliona mikono miwili tu, inapanga majani kwenye sahani.

Kifuniko kilikuwa na komeo, na komeo lenyewe lilikuwa upande wetu, siyo upande wa jikoni.

Niliona, nikapita. Nani anachunguza komeo akiwa na njaa?

"Na nyie mna ndugu hapa mjini?" Anucha akatuuliza.

Pranee akamtajia mume na watoto. Mimi nikamtajia kaka yangu, anauza matairi Parramatta.

"Mimi sina mtu," Fon akasema, akacheka. "Nina hawa wachawi wawili tu."

Anucha akamtazama Fon. Tangu hapo hakututazama tena sisi.

"Leo ni siku yako, eti?" akamuuliza. "Nitakuandalia kitu ambacho hakimo kwenye orodha."

Akaenda kwenye kidirisha, akasema neno. Baada ya muda ikaja sahani moja, nyama ya kusaga iliyokaushwa na viungo, imenakshiwa na majani ya ndimu yaliyokatwa membamba kama nywele. Ya Fon peke yake.

Fon akaweka kijiko mdomoni. Uso ukajikunja.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Onja."

Nikaonja. Chumvi. Siyo chumvi ya mkono kuteleza. Chumvi ya kumwaga kikombe kizima. Ulimi uliniwaka.

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Fon mwenyewe alitaka anyamaze, asiharibu furaha. Mimi ndiye niliyesema.

"Kaka Anucha, mwambie binamu aangalie mkono wake. Hii hailiki."

Tabasamu lake halikutoka, lakini macho yalibadilika. Mara moja tu, kama taa inayofifia na kurudi. Akachukua sahani, akaingia jikoni, akafunga mlango.

Tukasikia kishindo kimoja.

Watu wa meza nyingine hawakuinua hata vichwa.

Akarudi akiwa na matunda yaliyomenywa. "Samahani sana. Siku nyingine anachoka."

Wiki iliyofuata alimpigia Fon simu, kumwomba radhi upya. Tukarudi kula, safari hii tumealikwa. Vyakula vyote vikaja vya kunyamazisha meza, isipokuwa bakuli la Fon.

Chumvi tena.

Na ile mikono kwenye kidirisha, wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko.

"Ameungua mafuta," Anucha akasema kabla hatujauliza.

Mara ya tatu, chumvi. Mara ya nne, chumvi. Ikawa utani wetu. Pranee akasema labda yule mama ana hisa kwenye kampuni ya maji. Fon akacheka mpaka akakohoa.

"Ana wivu huyo," Fon akasema. "Amezoea kuwa mwanamke peke yake humu ndani."

Maana wakati huo mambo yalishakuwa mambo. Anucha alikuwa anamfuata Fon kazini na gari. Anamletea maua ya kutoa sadaka. Hekaluni alipeleka sufuria za chakula kila Jumapili, watawa wakambariki, akina mama wakaanza kumwita Fon pembeni na kumwambia ana bahati. Hata mimi nilimwita shemeji. Ndiyo, nilimwita.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Fon akatuita kwake. Alikuwa hatulii kwenye kiti.

"Ameniposa," akasema. "Tunahamia Darwin, kule kaskazini. Anafungua mgahawa wa pili, mimi ndiye nitasimamia jiko."

Pranee akaweka kikombe chini. "Wewe? Mwanangu, wewe yai unaliunguza kwenye maji."

"Nitafundishwa. Binamu yake atanifundisha mwezi mzima, kisha tunaondoka."

"Na binamu naye anakwenda Darwin?" nikauliza.

Fon akafikiri. "Hapana. Anucha amesema yeye atarudi kwao."

Nikalikumbuka lile komeo.

"Pasipoti yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Anayo yeye tangu Alhamisi. Kwa ajili ya karatasi za ndoa." Akanikata jicho. "Jiab, usianze."

Sikuanza. Lakini usingizi haukuja kirahisi siku ile.

Jumanne yangu ya mapumziko nikaenda kule peke yangu, saa tisa mchana, muda ambao wateja hakuna. Mlango wa chini ulikuwa wazi. Anucha alikuwa uchochoroni anapokea magunia ya mchele, kanipa mgongo. Nikapanda.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Kinu kilisikika upande wa pili wa ukuta, mchi unakwenda taratibu.

Nikatoa komeo, nikafungua kifuniko.

Nikamwona kwa mara ya kwanza. Mwanamke wa rika langu, labda mdogo kwangu, ila nywele za mbele zimeshakuwa nyeupe. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekuwa ananisubiri, na nimechelewa.

Nikamsemesha kwa lugha yetu ya kusini, ile ya haraka ambayo watu wa Bangkok wakiisikia wanashika vichwa.

"Dada, ule mchuzi wako umenipeleka kwetu. Wewe ni wa wapi?"

Mchi ukasimama. Midomo yake ikafunguka, na sauti ikatoka kavu, kama bawaba isiyotiwa mafuta siku nyingi.

"Mtoe rafiki yako."

Chini, mlango ukabamizwa. Viatu vikaanza kupanda ngazi, haviharakishi.

Nikafunga kifuniko. Nikarudisha komeo harakaharaka. Anucha alipotokea nilikuwa nimekaa mezani nasoma orodha ya vyakula.

"Jiab. Mbona peke yako?"

"Njaa, shemeji. Nimepita tu."

Akatembea mpaka kwenye kidirisha. Akaligusa komeo kwa kidole, akalisukuma kidogo. Sikuwa nimelifikisha mwisho.

"Tumefunga saa hizi," akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza. "Njoo jioni. Njoo na Fon."

Nilishuka ngazi zile bila kugeuka nyuma.

Hapa mtaniuliza, kwa nini hukwenda polisi siku hiyohiyo? Nimejiuliza sana. Ningewaambia nini? Kwamba bubu kaongea? Kwamba mtu anayelisha watawa ana komeo upande usiofaa? Nilijiambia nimweleze Fon kwanza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nisameheni.

Nilimfuata Fon dukani kwake. Alikuwa amepiga magoti anapima pindo la gauni, pini mdomoni. Nikamweleza yote.

Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Kisha akasimama.

"Bubu kaongea."

"Fon, nakuapia."

"Miaka mitano nalia kwako kwamba sina mtu, unanipangusa. Leo nimepata mtu, bubu kaongea." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Una miaka thelathini na nne, Jiab. Nani amekuposa wewe?"

Akapiga magoti tena kwenye pindo lake.

"Nenda," akasema. "Na harusini usije."

Nikaenda moja kwa moja kwenye kituo cha basi la Pranee, nikapanda, nikakaa kiti cha nyuma yake mpaka mwisho wa njia. Watu walipoteremka wote nikamwambia.

Pranee hakutania. Mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nilipika kwenye mgahawa kabla sijapata leseni ya basi," akasema. "Mpishi mzuri hakosei chumvi mara nne kwenye sahani ya mtu mmoja. Yule mama alikuwa anaongea muda wote. Sisi ndio tulikuwa tunanywa maji."

"Tufanye nini?"

"Fon lazima amsikie kwa masikio yake. Ukimletea polisi kabla, atamtetea Anucha mpaka mwisho, na yule wa jikoni ataogopa kufungua mdomo."

Jumapili ile ilikuwa sikukuu yetu ya mwezi wa kumi, siku watu wa kusini tunapowalisha wafu wetu. Pranee yuko kwenye kamati ya chakula. Akampigia Anucha, akamwomba alete yeye mwenyewe chakula cha watawa, afike kabla ya saa tano, maana watawa hawali baada ya adhuhuri. Anucha asingekataa sifa kama hiyo. Na tulijua atamwachia Fon funguo za mgahawa, kwa sababu Fon alishaanza kulinda pale wakati yeye hayupo.

Saa nne na nusu nikaliona gari lake likiondoka. Nikapanda.

Fon alinifungulia mlango, akataka kuufunga tena. Nikaweka mguu.

"Dakika tano," nikamwambia. "Ukimaliza dakika tano ukaniita mwongo, sitakusogelea tena maishani."

Akanitazama muda mrefu. Akanipisha mlangoni.

Nikaenda kwenye kidirisha, nikafungua. Safari hii sikutumia lugha ya kwetu.

"Dada Chamoi, huyu ndiye Fon. Anucha yuko hekaluni. Sema sasa."

Nikasikia Fon anapumua nyuma yangu. Nikafikiri, hatasema, nimeaibika, nimempoteza rafiki bure.

"Mimi si binamu yake," Chamoi akasema. "Mimi ni mke wake. Mwaka wa saba huu."

Fon akashika meza.

"Nilikuja hapa kula, kama wewe," Chamoi akaendelea. Alikuwa anameza mate kati ya maneno, sauti imesahau njia. "Nilikuwa nimetamani chakula cha nyumbani. Akakaa mezani kwetu. Akaniuliza kama nina ndugu."

"Usiseme hivyo," Fon akasema taratibu.

"Jikoni alikuwepo mwanamke mwingine. Boonruen, wa Trang, kulekule kusini. Aliniambia ni shangazi yake, ana ugonjwa wa akili." Akashika ukingo wa kidirisha. "Kila sahani niliyoletewa mimi ilikuwa na chumvi. Nikacheka. Nikawaambia wenzangu yule mama ana wivu."

Fon alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa sakafuni.

"Kwa nini hukuandika?" nikamuuliza Chamoi. "Karatasi hata kipande?"

"Kila sahani anaikagua kabla haijatoka. Karatasi angeiona. Chumvi haionekani." Akaunyanyua ule mkono wake wa kulia. Kovu lilipanda mpaka kwenye kiwiko. "Akijulishwa na mteja ndiyo anajua."

Niliyemjulisha ni mimi. Hakulisema hilo. Hakuwa na haja.

"Na kukimbia?"

"Mlango una kufuli. Na mdogo wangu wa kike yuko kwetu Phatthalung. Kila mwezi ananionyesha picha yake mpya, amepigwa akiwa sokoni, mwenyewe hajui. Ananiambia nikifungua mdomo mbele ya mteja, picha zitakoma."

"Huyo Boonruen," Fon akauliza kutoka sakafuni, "alikwenda wapi?"

"Alinifundisha kupika mwezi mmoja. Siku moja nikaamka hayupo. Anucha akasema amerudi kwao."

Chamoi akasogeza uso karibu na kidirisha.

"Mwaka jana alinituma chumbani kwake kumletea miwani. Nikafungua droo. Pasipoti ya Boonruen ilikuwa mle. Mtu alirudi kwao na nini?"



Ndipo nilipopiga simu polisi. Mwanamke wa upande wa pili alisema nisikate, watu wako njiani. Fon alishanyanyuka, anajaribu funguo moja baada ya nyingine kwenye kufuli la jikoni. Hakuna iliyoingia. Akachukua mchi mzito wa jiwe aliotupitishia Chamoi kidirishani, akaanza kulipiga lile kufuli. Huyu binti mpole. Alilipiga kama analifahamu.

Simu yangu nyingine, ya kazini, ikaita mfukoni. Pranee.

"Ameondoka," akasema, anahema. "Nimemwomba abaki apate baraka, akatazama kioo cha simu yake, akaondoka. Jiab, nadhani ana kamera humo."

Nikainua macho. Juu ya rafu ya chupa, kitu cheusi kidogo kama kifungo cha koti kilikuwa kinatutazama.

Toka hekaluni mpaka pale ni dakika kumi na mbili.

Kufuli likaachia. Chamoi akatoka. Alipiga hatua mbili ukumbini, akasimama, kama mtu aliyesahau ukubwa wa chumba. Fon akamshika mkono, tukakimbilia mlango wa mbele.

Viatu. Kwenye ngazi.

Fon akasukuma mlango, akapiga komeo kwa ndani, akauegemea kwa mgongo.

"Fon," sauti ikasema upande wa pili. Ileile, ya kumlaza mtoto. "Mpenzi, fungua. Watawa wamebakiwa na mchuzi, nimekuja kuufuata."

Fon alikuwa analia bila sauti. Hakusogea.

"Jiab ana matatizo yake, unayajua. Fungua tuongee, wawili tu."

Kitasa kikazunguka taratibu. Kikarudi. Kikazunguka tena.

Kisha akaacha kubembeleza.

"Chamoi. Mdogo wako amevaa nini leo? Unataka nikuambie?"

Nilimtazama Chamoi. Nilitegemea aanguke. Badala yake akausogelea mlango mpaka paji la uso likagusa mbao, akasema kwa sauti ambayo nadhani hata duka la masanduku chini waliisikia.

"Anucha. Boonruen yuko wapi?"

Kimya.

Nilisikia anapumua upande wa pili, karibu sana.

"Boonruen yuko wapi?" akarudia.

Viatu vikaanza kushuka. Safari hii viliharakisha.

Polisi walifika baada ya dakika nne. Yeye walimkamata siku ya pili, kwenye barabara ya kaskazini. Kwenye gari lake walikuta pasipoti tatu. Ya Chamoi, ya Fon, na ya Boonruen.

Mdogo wake Chamoi tulimpata kwa simu jioni ileile, mzima, akahamishiwa kwa mjomba. Mpiga picha alikuwa jamaa wa jirani, analipwa, naye anasema alidhani ni mambo ya uchumba.

Chamoi sasa anaishi kwa Pranee. Siku nyingine haongei tangu asubuhi mpaka jioni, siku nyingine hanyamazi, na Pranee analalamika kwamba hatimaye amepata mpinzani. Fon alikuja kwangu baada ya wiki mbili. Alisimama mlangoni, akashindwa kusema alichojia. Nikamwambia aingie, mashuka yananisubiri, anisaidie kukunja. Tukakunja.

Hekaluni wapo wanaosema tumemharibia mtu mwema jina. Wanauliza, mbona alikuwa anatulisha?

Nilidhani yameishia hapo.

Mwezi uliopita polisi wakaniita nitafsiri maneno ya watu wa kwetu, maana mfasiri wao haelewi vizuri lugha ya kusini. Nikaunganishwa kwa simu na mama yake Boonruen, bibi wa miaka sabini na moja, Trang. Nikamweleza polepole nilivyoweza, kwamba tunamtafuta binti yake, kwamba pasipoti imepatikana.

Bibi akacheka.

"Mjukuu wangu, mmekosea mtu," akaniambia. "Boonruen wangu yuko salama. Kila mwaka mpya ananiandikia ujumbe. Anasema kazi ni nyingi, anasema bado yuko Sydney na mume wake."

Nikamuuliza mara ya mwisho alipoisikia sauti yake ni lini.

Akaacha kucheka. Nikamsikia anahesabu kwa vidole, anataja miaka kwa kunong'ona. Alipofika wa saba akanyamaza.

Huku tuliambiwa amerudi kwao. Kule waliambiwa yuko huku. Katikati ya hizo habari mbili, mtu mzima alipotea miaka saba na hakuna aliyemtafuta, kwa sababu kila upande uliamini yuko upande wa pili.

Boonruen hajapatikana mpaka ninapoandika haya.

Kwa hiyo ninyi mnaonisoma, mlio ughaibuni na mlioachwa nyumbani, nawaomba jambo moja. Mkiambiwa mtu amerudi kwao, msiseme haya, safari njema. Ulizeni nani alikwenda kumpokea.